Ng'ombe wa Mong'ina

Kebirigo,
3 Oktoba 1971

Shemeji Mogire,

Pokea salamu za nyumba nzima, na kabla hujauliza, sisi ni wazima. Goti la Mama la kushoto linamsumbua mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua haikosi siku, basi huna haja ya kuuliza hali ya goti. Binti zangu watatu wanakusalimu. Huyu mdogo ameshajifunza kulitaja jina lako ingawa sura yako haijui, maana ulipofika mara ya mwisho alikuwa bado tumboni. Chai imekubali mwaka huu. Kaka yako Okemwa anashinda shambani, akitoka shambani yuko kituoni kupima majani, akitoka kituoni sijui aendako. Mimi nimepewa darasa la pili, watoto sitini na mmoja na madawati kumi na mawili.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama zamani. Nakumbuka nilipoolewa hapa nikitoka Kendu, ulikuwa mvulana wa darasa la tano na ndiye mtu wa pekee niliyeweza kusema naye. Ulinifundisha Kigusii nami nikakusahihishia insha. Sasa Kigusii nakisoma vizuri hata kanisani, lakini nikikiandika Mong'ina ananicheka.

Na ni habari za Mong'ina ninazokuletea. Dada yako amepata mchumba, kijana fundi seremala wa Magwagwa, mtu mpole asiyekunywa. Watu wake walikuja mara mbili, wazee wakakubaliana ng'ombe wanane. Ng'ombe wataletwa mapema Desemba, na kikao cha kumaliza maneno kitakuwa Ijumaa tarehe 24 Desemba, mchana, ili watu wawe wametawanyika kabla ya Sabato kuingia.

Sasa sikiliza, ingawa mambo haya ninyi Wakisii ndio mlionifundisha. Ng'ombe wa dada yenu Nyamusi ndio walionioa mimi, kwa sababu Nyamusi alipangwa pamoja na Okemwa, mahari ya dada iwe ya kaka kuolea. Mong'ina alipangwa pamoja na wewe. Ng'ombe wake ni wako, wa kuolea, na kwa kuwa baba yenu hayupo tena, ni wewe unayepaswa kusimama mbele ya wazee na kuwapokea. Kwa hiyo omba likizo mapema. Usiniambie kazini wamekataa, nakujua.

Jibu upesi.

Ni mimi shemeji yako,
Syprose Aluoch


Nairobi,
24 Oktoba 1971

Kwako Shemeji na Mwalimu wangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na nguvu za kuwapigia kelele hao sitini na mmoja. Mimi niko salama. Mwambie Mama apake goti lake mafuta yale niliyotuma, kama hajayagawia majirani. Nimefurahi sana kwa ajili ya Mong'ina. Seremala ni kazi nzuri, angalau atapata kitanda.

Bado niko karani katika bohari ya rangi, Eneo la Viwanda. Nikirudi jioni mikono ni ya kijani au ya buluu, inategemea siku. Chumba chetu cha Shauri Moyo tunakaa watatu: mimi, Otiende na Eliakim. Wote wawili ni watu wa upande wenu wa ziwani, kwa hiyo samaki nakula kila Jumapili na karibu nitaota mapezi. Hawa jamaa, Shemeji, ni ndugu kabisa. Mwezi wa nane nilipougua malaria, Otiende alinibeba mgongoni hadi zahanati, na kule akagombana na watu wote mpaka nikapewa kitanda.

Krismasi ya mwaka huu tumeipanga tangu Agosti. Tarehe 24 kuna mashindano ya rumba katika ukumbi wa mtaa, Eliakim anapiga gitaa na mimi na Otiende tunacheza. Tarehe 25 tunachinja mbuzi na majirani, Waluhya, Wakamba, kila mtu na chungu chake. Tarehe 26 Otiende anaenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana wake huko Kariokor.

Tena kuna jambo la suti. Tulishonesha suti moja ya kijivu, ya watatu. Otiende ni mrefu, basi upindo wa suruali unateremshwa akivaa yeye na kupandishwa nikivaa mimi, na Eliakim anaivaa tu ilivyokuwa. Zamu za sikukuu zimeshapangwa. Yangu ni mwaka mpya. Mtu hawezi kukaa Nairobi miaka miwili halafu ashuke Kebirigo Desemba na shati la kazini lenye rangi, watu watasema nini?

Nitaangalia mambo ya likizo. Msalimie Kaka. Wazee wasiningojee sana, ng'ombe si watu, hawatakasirika.

Wako,
Mogire


Kebirigo,
7 Novemba 1971

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa kucheka na ya pili bila kucheka. Mama anasema asante kwa mafuta, na ndiyo, ameyagawa. Mong'ina anashona mashuka. Mtoto wangu wa kati ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka uambiwe. Tuko hivyo.

Mogire, unaniandikia upindo wa suruali. Ng'ombe wanane, wazee, dada yako anayeolewa mara moja tu maishani mwake, na wewe unaniandikia nani atavaa suti siku gani. Kama wewe ungekuwa wa darasa langu ningekusimamisha kwenye kona.

Nilikuwa sitaki kukuambia jambo hili. Nilifikiri utakuja kama mtu yeyote mwenye akili anavyokuja kwenye harusi ya dada yake, na jambo lenyewe lingekufa kimya kimya bila mimi kulitaja. Sasa naona nisipolitaja hutakuja, basi nalitaja.

Kaka yako anataka kuoa mke wa pili. Ni msichana wa Nyaramba. Yeye mwenyewe hajafungua mdomo kuniambia. Mama ndiye aliyeniambia tukipepeta wimbi, tena kwa upole, na akanishika mkono akasema wanawake wengi wameishi hivyo na hawakufa. Mama hanichukii. Lakini nimezaa wasichana watatu, na naona anavyowatazama watoto wa kiume wa jirani wakipita na mifugo.

Okemwa hana ng'ombe wa kuolea. Ng'ombe pekee watakaoingia boma hili ni wa Mong'ina. Amewaambia wazee kwamba wewe umeshakuwa mtu wa mjini, huoi leo wala kesho, na kwamba ng'ombe watakaa bure wakati yeye ana haja nao, atakulipa baadaye. Wazee wamemjibu kwamba hawawezi kugusa ng'ombe wa Mogire bila neno la Mogire. Hapo ndipo mambo yalipo. Kanisa litamfuta jina, na yeye anajua, lakini nyuma ya ghala ameshaanza kusawazisha uwanja wa nyumba. Ananiambia ni wa kuanikia kahawa. Hatuna kahawa.

Sikuombi ugombane naye. Nakuomba upande basi, ushuke, usimame mbele ya wazee tarehe 24 na useme: Ng'ombe ni wangu. Maneno matatu. Ukimaliza, rudi kwenye rumba yako.

Nimeolewa nyumba hii miaka kumi na moja. Sijawahi kukuomba kitu.

Syprose


Nairobi,
28 Novemba 1971

Mpendwa Shemeji,

Habari za siku nyingi na za kazi. Usikasirike kwa kuchelewa kwangu. Barua yako ilikaa wiki mbili katika koti la Otiende, aliichukua posta na akaisahau, na koti lenyewe akamwazima mtu wa Pumwani. Nimemwambia yote niliyopaswa kumwambia. Pole kwa meno ya mtoto. Mimi niko vizuri, isipokuwa bohari imejaa kazi, kila mtu mjini anataka kupaka nyumba rangi kabla ya Krismasi kana kwamba Yesu atakagua kuta.

Mji umechangamka sana. Madukani wametundika karatasi za rangi, na mtu akipita River Road anasikia santuri tano kwa wakati mmoja. Tumefanya mazoezi kila jioni. Otiende alimkanyaga mwenzake wa kucheza hadi kiatu kikafunguka. Eliakim amenunua nyuzi mpya za gitaa. Majirani wameshaleta mbuzi, amefungwa nje ya choo na anapiga kelele asubuhi nzima, na watoto wote wa mtaa wamempa jina.

Kuhusu lile jambo uliloniandikia, Shemeji, nimelisoma na nimehuzunika. Lakini mambo ya mtu na mkewe ni ya ndani. Mimi ni mdogo. Kaka ana sababu zake, na wewe una zako, na mimi nikiingia katikati nitaumia pande zote mbili. Sisemi kwamba sitakuja. Sisemi pia kwamba nitakuja. Naomba usiniweke mahali pagumu.

Zachariah yule wa lori anakuja huko mwanzo wa Desemba. Nimempa kadi ya Krismasi ya Mama, ataiweka mkononi mwake mwenyewe. Ni nzuri, ina picha ya nyumba ya kizungu iliyofunikwa na theluji.

Wasalimie watoto. Mong'ina mwambie nitamtumia kitambaa.

Mogire


Kebirigo,
12 Desemba 1971

Mogire,

Watoto wazima, Mama mzima, mvua inanyesha. Salamu zimekwisha.

Kadi yako imefika. Zachariah aliileta jana Sabato, tumetoka kanisani, Okemwa akiwa Kisii mjini kwenye mkutano wa wakulima wa chai, na baba mdogo Nyangau akiwa ameketi hapa akingoja ndizi ziive. Mama alifurahi hata akasahau goti. Aliigeuza kadi juu chini, akatazama theluji, akauliza kwa nini Wazungu wanaanika unga juu ya paa. Kisha akanipa mimi nisome, kwa sababu Mong'ina alikuwa bado kanisani, na wengine wanaosoma katika nyumba hii ni mimi na Okemwa tu, na Nyangau macho yake hayaoni herufi tena.

Unajua ulichoandika. Acha nikuandikie tena, labda ulikuwa unapiga rumba ulipokuwa ukiandika. Uliandika kwa Kigusii kizuri, kile kile ulichonifundisha wewe: "Mama, ng'ombe wa Mong'ina Kaka awachukue. Mimi nimekubali. Krismasi njema."

Wakati unaniandikia habari za mbuzi aliyefungwa nje ya choo, kadi hii ilikuwa imeshaandikwa. Uliniambia usiwekwe mahali pagumu. Mimi ukaniweka wapi? Ulitaka nisimame mbele ya mama mkwe, nisome kwa mdomo wangu mwenyewe ruhusa ya kuletewa mke mwenza?

Nilisimama na kadi mkononi. Nyangau akasema, "Soma, mke wetu, anasemaje?" Nikasoma. Nilisoma hivi: "Mama, ng'ombe wa Mong'ina wawekwe. Nakuja Ijumaa tarehe ishirini na nne kuwapokea. Krismasi njema."

Nyangau alinifanya nirudie. Nikarudia, wala sikukosea neno. Mama akapiga makofi, akasema kumbe mwanangu hajapotea. Alitaka kuitundika kadi ukutani. Nikakata upande wa picha nikampa, na upande wenye maandishi nikautia motoni chini ya chungu cha maharage. Nyangau ameshapeleka habari kwa wazee wote na kwa watu wa Magwagwa.

Nimesema uongo siku ya Sabato, nikiwa na gauni la kanisani mwilini. Usiku sikulala, lakini sijutii, nataka ulijue hilo pia. Nina hasira na wewe kuliko na Okemwa. Okemwa angalau anataka kitu. Wewe hutaki kitu chochote isipokuwa kuachwa ukacheze.

Sasa hakuna tena nafasi ya kusema sijui. Usipofika tarehe 24, wazee watauliza, na Okemwa atauliza, na mimi nitakuwa mwanamke wa kutoka nje aliyewasomea wazee uongo. Unajua nitarudishwa wapi. Njoo uufanye uongo wangu kuwa kweli. Panda basi la Alhamisi.

Syprose


Nairobi,
18 Desemba 1971

Shemeji Syprose,

Najua leo ni Sabato na nilipaswa kuwa kanisani, usianze. Nakusalimu wewe na watoto.

Umenifanyia nini? Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama bohari, kopo la rangi nyeupe likaniangukia mguuni. Wewe mwalimu, mtu wa kanisa, unachukua maneno yangu na kuyageuza mbele ya baba mdogo? Na mimi sasa nije nisimame pale kama kasuku niseme uliyoyatunga wewe?

Halafu kuna jambo hulijui, na afadhali ulijue sasa. Siku niliyoandika ile kadi nilimwandikia Kaka pia. Si kadi, ni barua, ukurasa mzima, nimetia saini. Nimemwambia ng'ombe ni wake, awachukue kwa moyo mweupe. Hiyo nilituma kwa posta. Hadi sasa lazima ameshaipata. Ukisimama mbele ya wazee useme Mogire anakuja, yeye ataingiza mkono mfukoni na kutoa karatasi yangu. Ningekuwa na simu ya kukupigia ningekupigia. Sina. Nakuomba ukipata barua hii kabla ya Ijumaa, mwendee kwanza mwenyewe umwambie ukweli.

Unasema sitaki kitu. Sawa. Lakini hukuwepo baba alipofariki. Kaka alikuwa darasa la sita, wa kwanza katika mtihani kila muhula, na akaacha shule akachukua jembe ili mimi niendelee. Kila barua ninayokuandikia, kila hesabu ninayofanya bohari, ni yeye aliyeacha yake. Hajawahi kunitajia. Mwaka huu, mwezi wa tisa, ndiyo mara ya kwanza maishani mwake aliniandikia na kuniomba kitu. Ningemwambiaje hapana? Kwa sababu gani? Kwa sababu shemeji yangu alinisahihishia insha?

Nakupenda kama dada, lakini sitaweza kuja kusimama mbele ya macho yake nikane saini yangu. Sitaweza. Nitumie maneno mabaya utakavyo.

Mogire

Dada Aluoch, huyu ni Otiende, nimemnyang'anya kalamu. Akuambie asikuambie, nakuambia mimi. Suti tumempa, upindo umeshapandishwa. Nafasi ya rumba tumempa mtu mwingine. Tiketi ya basi la Alhamisi Eliakim alikuwa tayari kuikata. Amekaa kitandani siku tatu akiitazama barua yako na hali samaki. Si sisi tunaomzuia. Tumechoka naye.


Kebirigo,
2 Januari 1972

Mogire,

Mwaka mpya mwema kwako, na kwa Otiende na Eliakim, ambao sasa nawasalimia kabla yako. Mama anasumbuliwa na goti. Watoto walikula hadi wakaumwa matumbo. Mong'ina ameolewa, alipendeza sana, alilia kidogo na kucheka zaidi. Kitambaa chako hakikufika.

Barua yako ya tarehe 18 nimeipata Jumatano tarehe 29. Posta ya Krismasi unaijua. Kwa hiyo siku ile ya kikao sikuwa najua chochote kuhusu karatasi uliyomtumia kaka yako. Nataka nikuambie yote yalivyokuwa, kwa taratibu, kwa sababu wewe hukuwapo.

Wazee waliketi saa sita. Watu wa Magwagwa walikuwa wanane. Ng'ombe walikuwa pale chini kwenye majani, wazuri, wawili wana mimba. Nyangau akasema tumngoje Mogire, ameandika kwamba anakuja. Tukangoja. Nilipika, nikaandaa, nikasikia basi la saa saba, sikuona mtu. Nikasikia la saa tisa. Nilikwenda barabarani mara tatu nikijifanya natafuta kuku. Unajua mtu anavyokuwa akiangalia barabara ambayo hakuna anayekuja? Nilikulaani, Mogire. Nilikulaani kwa Kijaluo, kwa Kigusii na kwa Kiswahili.

Saa kumi Nyangau akatazama jua, akasema Sabato inakaribia na hatuwezi kuhesabu mifugo jua likitua. Akasema mwenye ng'ombe hayupo. Okemwa, wewe ndiwe mkubwa wa nyumba hii, unasemaje? Wote wakamgeukia. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya ndizi.

Kaka yako akasimama. Akatia mkono ndani ya koti, hapa kifuani. Nilifikiri anatafuta kitambaa cha kujifutia jasho. Mkono ukakaa mle ndani muda mrefu, mpaka mzee mmoja akakohoa. Kisha akautoa, hauna kitu. Akasema, "Ng'ombe ni wa Mogire. Amesema atakuja. Kama si leo ni siku nyingine. Waingizwe bomani mwake." Akaketi. Nyangau akasema vizuri, wazee wakaomba, watu wakanywa uji wakaenda, na Sabato ikaingia.

Nilishukuru Mungu usiku ule nikifikiri kaka yako amebadilika moyo tu, bila sababu, kama mvua inavyoacha. Siku tano niliishi na furaha hiyo ya kijinga. Halafu Jumatano nikapata barua yako nikaelewa mkono ule ulikuwa umeshika nini.

Kisha nikakumbuka Jumanne ya tarehe 14. Nilikuwa nasonga ugali. Okemwa akaingia, akasimama nyuma yangu, akauliza, "Ni kweli Mogire amesema anakuja?" Nikajibu ndiyo, sikugeuka. Akasema, "Sawa." Alikuwa ameshapata barua yako, Mogire. Siku ile au siku iliyotangulia. Aliniuliza akijua. Alinipa nafasi nami nikamdanganya usoni, au mgongoni, kwa maana sikugeuka. Na siku kumi baada ya hapo alikula chakula changu, akalala kitanda kimoja nami, na karatasi ikiwa ndani ya koti.

Angepiga kelele ningejua la kujibu. Nina majibu ya miezi mitatu, nimeyapanga tumboni, makali, na hakuna hata moja ninaloweza kulitumia sasa. Sijui alinyamaza kwa kunipenda au kwa sababu mwanaume haaibishi mkewe mbele ya watu wa Magwagwa. Nyaramba hajaenda Jumapili mbili. Sijui kama ataenda ya tatu. Naishi na mtu anayejua kila kitu juu yangu, na haniambii, na mimi siwezi kumwambia kwamba najua kwamba anajua. Nimechoka, shemeji. Ningependa mmoja wenu wawili ajifunze kufungua mdomo.

Kwa hiyo leo asubuhi nimefanya hivi. Nimechukua barua yako ya tarehe 18, na maneno ya Otiende chini yake, nikaiweka mezani mahali anapowekewa sahani, nikaenda kumlisha ndama. Niliporudi alikuwa ameketi, uji haujaguswa, barua imefunguka mbele yake. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari, kama watoto wangu wa darasa la pili. Alifika mahali ulipoandika habari za darasa la sita akarudi juu, akasoma tena.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Unamwandikia leo?"

Nikasema ndiyo.

"Mwambie sikuacha shule ili nilipwe ng'ombe. Mwambie nilikosea kumwomba." Akakunja barua yako vizuri, akaisukuma upande wangu wa meza. "Na wewe," akasema, "siku nyingine nikikuuliza kitu, geuka uniangalie."

Nikageuka nikamwangalia. Alikuwa analia, Mogire, na mimi pia. Uji ukapoa hapo mezani, tukaunywa hivyo hivyo.

Ni mimi shemeji yako,
Syprose